Wenzo, Mizani na Haki ya Mwenye Mazao

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo moja la elimu ya maumbile ambalo kila mtu hulitumia kila siku, walakini ni wachache wanaolifikiri. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini vitu huzunguka vinaposukumwa, na kwa nini wakati mwingine hukataa kuzunguka vikatulia sawasawa.

Wanafunzi hulikuta jambo hili katika vitabu vyao vya fizikia, nao hulidhani kuwa ni hesabu za mtihani tu. Mkulima naye hukutana nalo sokoni, pale mazao yake ya miezi mingi yanapowekwa juu ya mizani, na mtu mwingine akasoma hesabu. Asiyejua jinsi mizani ifanyavyo kazi hana budi kuliamini neno la mwenye mizani. Ajuaye aweza kuipima mizani yenyewe, tena bila ugomvi. Basi tuanze na mambo yaliyo karibu nasi, kisha twende polepole hata tufike sokoni.

Mlango na bawaba zake

Simama mbele ya mlango ulio wazi nusu. Usukume kwa kidole kimoja pale kwenye kitasa, mbali na bawaba. Mlango utageuka bila taabu. Sasa usukume karibu sana na bawaba. Kidole hakitoshi; labda utahitaji mkono mzima na bega pia. Mlango ni ule ule, uzito wake haukuongezeka, nawe hukupungukiwa na nguvu. Kilichobadilika ni kimoja tu: umbali kutoka pale unaposukuma hata pale mlango unapozungukia.

Tuseme kitasa ki sentimeta 80 kutoka bawaba, nawe ukasukuma mahali palipo sentimeta 10 tu kutoka bawaba hizo. Umbali umepungua mara 8; kwa hiyo nguvu unayohitaji imezidi mara 8. Hapo twaona kwamba katika kuzungusha kitu haitoshi kuuliza, ‘Nguvu ni kiasi gani?’ Yatupasa kuuliza pia, ‘Nguvu hiyo iko mbali kiasi gani na mahali pa kuzungukia?’ Nguvu ikizidishwa kwa umbali wake, twapata kile tutakachokiita katika mazungumzo haya nguvu ya kugeuza. Wenye elimu huiita momenti ya nguvu.

Tena kuna jambo la pili. Shika kitasa, ukausukume mlango kuelekea bawaba zenyewe, sambamba na ubao wake. Hata ukisukuma kwa nguvu zako zote hautageuka. Nguvu ipo, lakini njia yake yapita katika bawaba zenyewe, na kwa hiyo umbali wake kutoka bawaba ni sifuri. Umbali tunaouhesabu ni ule ulio mkato, yaani ule unaoikata njia ya nguvu kwa pembe mraba. Mpanda baiskeli alijua hili kabla ya kulisoma: pedali ikiwa juu kabisa, kuikanyaga kwenda chini moja kwa moja hakuleti mwendo, ikiwa mbele, sambamba na ardhi, ndipo mguu hupata kazi yake kamili.

Wenzo

Watu wanapotaka kuondoa jiwe kubwa shambani huchukua mtaimbo, wakauingiza ncha chini ya jiwe, wakaweka jiwe dogo chini ya mtaimbo karibu na ncha ile, kisha wakaubonyeza upande wa pili. Mtaimbo huo ni wenzo, na lile jiwe dogo ni egemeo lake.

Tuseme mtaimbo una urefu wa sentimeta 150, na egemeo li sentimeta 15 kutoka kwenye ncha. Zasalia sentimeta 135 upande wa mikono. Mara ngapi 15 katika 135? Mara 9. Kwa hiyo mzigo wa kilo 180 unaolemea ile ncha utainuliwa na mtu anayebonyeza kwa uzito wa kilo 20 na kidogo zaidi. Zidisha uone: 180 kwa 15 ni 2,700; na 20 kwa 135 ni 2,700. Nguvu ya kugeuza ya jiwe na nguvu ya kugeuza ya mikono zimekuwa sawa, na hapo zikiongezwa gramu chache tu upande wa mikono, jiwe lainuka.

Lakini mtu asidhani kwamba wenzo hutoa nguvu ya bure. Ili jiwe lipande sentimeta 2, mikono haina budi kushuka sentimeta 18, yaani mara 9. Tulichopunguza katika nguvu tumekilipa katika mwendo.

Kanuni yenyewe ni ya zamani sana. Mgiriki mmoja jina lake Archimedes, aliyekaa katika mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicilia, aliandika kitabu juu ya kulingana kwa vitu. Aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake. Alianza na mambo mepesi ambayo hapana awezaye kuyakana: kwamba mizigo miwili iliyo sawa, ikiwekwa mbali sawa na egemeo, hulingana, na kwamba mizigo iliyo sawa, ikiwekwa mbali isivyo sawa, huinamia upande ule ulio mbali zaidi. Kutoka katika maneno hayo machache aliionyesha kanuni nzima ya wenzo.

Kanuni mbili za kutulia

Kitu kikitulia, mambo mawili huwa kweli juu yake.

La kwanza: nguvu zinazokivuta upande mmoja zalingana na zile zinazokivuta upande wa pili. Kama sivyo, kitu kitaondoka mahali pake.

La pili: nguvu za kugeuza zinazotaka kukizungusha kama ziendavyo akrabu za saa zalingana na zile zinazotaka kukizungusha kinyume chake. Kama sivyo, kitu kitaanza kuzunguka, hata kama hakiondoki mahali pake.

Wanafunzi wengi huikumbuka kanuni ya kwanza wakaisahau ya pili. Na waone wachukuzi wawili. Baba na mwanawe wanachukua mzigo wa kilo 30 uliofungwa kwenye mti, na kutoka bega la mmoja hata bega la mwenziwe ni sentimeta 200. Mzigo ukiwa katikati, kila mmoja achukua kilo 15. Kanuni ya kwanza yatuambia tu kwamba mabega mawili pamoja yachukua kilo 30. Haituambii nani achukua ngapi. Hiyo ni kazi ya kanuni ya pili.

Tuseme mzigo umesogea ukawa sentimeta 80 kutoka bega la baba, na sentimeta 120 kutoka bega la mwana. Tulifanye bega la baba kuwa egemeo. Mzigo wataka kuushusha mti kwa nguvu ya kugeuza ya 30 mara 80, yaani 2,400. Bega la mwana, lililo mbali sentimeta 200, lauinua. Basi gawanya 2,400 kwa 200: mwana achukua kilo 12, na baba zinazosalia, yaani 18. Na kama mtoto haimudu zaidi ya kilo 10, mzigo na ufungwe theluthi moja ya mti kutoka kwa baba. Hapo baba atachukua 20 na mwana 10. Watu wazima wengi humwambia mtoto akaze mwendo, kumbe wangalipaswa kusogeza kamba.

Kwa wanafunzi twaongeza neno moja. Kilo ni kipimo cha wingi wa kitu. Nguvu hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Mwingereza Isaac Newton. Kitu cha kilo 1 huvutwa na dunia kwa nyutoni 9.8 hivi. Kwa hiyo nguvu ya kugeuza huandikwa kwa nyutoni-mita. Lakini pande zote mbili za wenzo zikiwa na mizigo tu, kilo zatosha kwa kulinganisha, maana dunia huvuta pande zote mbili kwa kadiri moja.

Mizani yenye vitanga viwili

Sasa tumefika sokoni. Mizani yenye vitanga viwili ni wenzo, wala si kitu kingine. Mtange ndio wenzo wenyewe. Pale unaponing’inia katikati ndipo egemeo. Vitanga vimetundikwa kwenye ncha zake mbili. Kwa kuwa mikono miwili ya mtange ni sawa kwa urefu, umbali ni mmoja, na kwa hiyo mtange hulala sawa hapo tu uzito wa kitanga kimoja ulinganapo na uzito wa kitanga cha pili. Mawe ya mizani ya kilo 20 yakiwa upande huu, na mtange ukalala sawa, mazao ya upande ule ni kilo 20.

Basi tazameni: haki yote ya mizani hii imesimama juu ya mambo matatu. Mikono iwe sawa kwa urefu. Vitanga vilingane vikiwa vitupu. Na mawe yawe ya kweli. Likikosekana moja katika hayo, mizani yasema uongo, hata kama aishikaye ni mtu mwema.

Watu wengi hulijua lile la pili tu. Hutazama mizani tupu, wakaona mtange umelala sawa, wakaridhika. Hapo ndipo wengi hupunjwa.

Mizani ya uongo

Tuseme mikono ya mtange si sawa. Upande wa mazao ni sentimeta 20, na upande wa mawe ni sentimeta 21. Tofauti ni sentimeta 1 tu. Macho hayaioni upesi. Mizani kama hiyo ikiachwa vivi hivi ingeinama upande mrefu, na hila yake ingeonekana. Lakini mwenye hila hukifanya kitanga cha upande mfupi kuwa kizito kidogo, hata mtange ukalala sawa vitanga vikiwa vitupu. Sasa mizani yaonekana safi.

Mkulima aweka mazao yake, mnunuzi aweka mawe ya kilo 20 upande wa pili, na mtange walala sawa. Mazao ni kilo ngapi kwa kweli? Upande wa mawe, 20 mara 21 ni 420. Upande wa mazao, mkono ni 20, basi gawanya 420 kwa 20: mazao ni kilo 21. Mkulima ametoa kilo 21, naye ameandikiwa 20.

Kilo moja yaonekana ndogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mkulima aliyeleta kilo 1,050 za pamba au kahawa kwenye mizani hiyo ataandikiwa kilo 1,000, na kilo 50 zimepotea bila mtu kuzigusa. Amezilima, amezipalilia, amezichuma, amezianika, amezibeba hata sokoni. Kisha sentimeta moja ya chuma imezila.

Jinsi ya kuijua

Dawa ya kwanza ni kubadilisha vitanga. Baada ya kupima, sema kwa adabu, ‘Bwana, tafadhali tuhamishe: mazao yaende kule, na mawe yaje huku.’ Kama mikono ni sawa, mtange utalala sawa tena. Kama si sawa, utainama palepale. Katika mfano wetu, zile kilo 21 sasa zi kwenye mkono wa sentimeta 21: 21 mara 21 ni 441. Mawe yaliyo kwenye mkono wa sentimeta 20 hayana budi kuwa 441 kugawanywa kwa 20, yaani kilo 22 na gramu 50. Mizani ileile imesema kwanza 20, kisha imesema 22 na zaidi. Shahidi asemaye maneno mawili hahitaji kuhojiwa zaidi.

Tena uzito wa kweli waweza kupatikana. Zidisha vipimo viwili, kisha utafute kipeuo cha pili: 20 mara 22.05 ni 441, na kipeuo chake cha pili ni 21. Wanafunzi waangalie kwamba kujumlisha vipimo viwili na kugawanya kwa 2 hakuleti jibu lilelile hasa, bali 21.025, tofauti ni ndogo mikono ikikaribiana, lakini huwa kubwa mikono ikiachana sana.

Dawa ya pili ni bora zaidi, nayo huitwa kwa jina la Mfaransa Jean-Charles de Borda, aliyeishi tangu mwaka 1733 hata 1799. Weka mazao katika kitanga kimoja. Katika kitanga cha pili usiweke mawe ya mizani, ila mchanga, hata mtange ulale sawa. Kisha ondoa mazao, usiuguse mchanga, na mahali pa mazao weka mawe ya mizani hata mtange ulale sawa tena. Mawe hayo ndiyo uzito wa mazao. Mikono ya mtange iwe sawa au isiwe sawa, si kitu, maana mazao na mawe yamekaa katika kitanga kimoja, kwa mkono mmoja, yakishindana na mchanga uleule. Mizani ya uongo imelazimishwa kusema kweli.

Lakini dawa hizo mbili haziponyi mawe yaliyopunguzwa au kuongezwa. Kwa hayo tumieni maji. Lita 1 ya maji safi ni karibu sana na kilo 1. Chukueni chupa mbili zilizo sawa, mzilinganishe kwanza zikiwa tupu. Moja itiwe maji lita 1 kwa kipimo cha kweli, nayo iwekwe katika kitanga kimoja. Ya pili iwekwe tupu katika kitanga kingine pamoja na jiwe la kilo 1. Baada ya kuzilinganisha, badilisheni vitanga, mtazame tena. Jiwe likipungua au likizidi sana, mtaliona.

Mwisho tazameni egemeo. Mizani njema ikiguswa kidogo hucheza juu na chini, kisha hurudi kulala sawa. Ikibaki mahali popote unapoiacha, kutu au uchafu umeishika, nayo haiwezi kutambua gramu nyingi. Hapo huenda hakuna hila, ila uvivu wa kuisafisha; lakini hasara ni ileile.

Mizani yenye mkono mrefu

Iko mizani nyingine yenye kulabu upande mfupi, na upande mrefu una alama na jiwe moja linalosogezwa huku na huku. Warumi waliitumia sana, na mizani za namna hiyo zimefukuliwa katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79 baada ya Kristo. Katika hiyo mawe hayaongezwi; umbali ndio uongezwao.

Tuseme kulabu i sentimeta 5 kutoka kwenye egemeo, na jiwe ni kilo 2. Gunia likilingana na jiwe lililo sentimeta 60, basi 2 mara 60 ni 120, na 120 kugawanywa kwa 5 ni 24. Gunia ni kilo 24. Sasa mtu akilitoboa jiwe hilo akalitia risasi, likawa kilo 2 na gramu 200, gunia lilelile litalingana na jiwe kabla halijafika alama ya 60, na mizani itasoma chini ya kilo 22. Kwa hiyo katika mizani hii lindeni jiwe. Ulizeni kama lina chapa ya mkaguzi wa vipimo, mtazame kama lina tundu lililozibwa, na mara kwa mara pimeni juu yake kitu ambacho uzito wake mnaujua.

Mizani za siku hizi zenye umeme hazina mtange wa kuonekana, hata hivyo shauri ni lilelile: kitu kinachojulikana uzito wake ndicho mwamuzi.

Mambo ya kujaribu shuleni

Chukueni rula ya sentimeta 30, mtoboe katikati hasa, muitundike kwa uzi. Tundikeni sarafu 2 zilizo sawa, zikiwa pamoja, sentimeta 6 kutoka kwenye uzi. Sarafu 1 ya namna ileile itawekwa wapi upande wa pili ili rula ilale sawa? Hesabuni kwanza, ndipo mjaribu. Kisha uzi usogezwe sentimeta 1 kutoka katikati, na upande ulioinuka ubandikwe udongo mpaka rula ilale sawa. Mmekwisha kutengeneza mizani ya uongo. Waiteni wenzenu wa darasa jingine, mwaulize kama waweza kuigundua.

Wasikilizaji wetu, elimu hii haitaki vyombo vya thamani. Yataka rula, uzi, chupa mbili za maji, mchanga, na mtu asiyeona haya kuuliza. Katika kila kijiji yafaa wawepo wawili watatu wanaojua kubadilisha vitanga na kupima kwa mchanga, nao wawafundishe wengine kabla ya msimu wa mavuno. Mnunuzi mwaminifu hatachukia. Atafurahi, kwa kuwa mizani yake itasifiwa mbele ya watu. Na akichukia kwa sababu umemwomba abadilishe vitanga, hapo pia umekwisha kupata jibu.